Mali Kauli Iliyopinduliwa: Kati ya Kampuni Kubwa na Duka Dogo, Nani Anamkopesha Nani?

Katika duka la mtaa ninaoishi Dar es Salaam, kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote si mali ya mwenye duka. Ni friji la soda, refu, lenye mlango wa kioo na taa ndani, lililopakwa rangi za kampuni ya vinywaji kutoka juu hadi chini, na ubavuni mwake limebandikwa kibati chenye namba ya usajili. Kampuni ililileta bila malipo, vijana wawili wakalishusha, Mangi, mwenye duka, akatia saini karatasi moja, na tangu siku hiyo anauza soda za baridi mahali ambapo zamani aliuza za vuguvugu. Hakuna ubishi kwamba amesaidiwa, maana mtaji wa kununua friji kama hilo angekuwa bado anaukusanya hadi leo.

Hata hivyo, umeme wa friji hilo unatoka kwenye LUKU yake. Limesimama mlangoni, pahali ambapo jicho la mteja hufika kwanza, na pahali hapo kodi ya pango analipa yeye. Karatasi aliyoitia saini inataka ndani ya friji zikae bidhaa za kampuni hiyo tu, na kwa sababu hiyo maji ya kampuni nyingine, ambayo faida yake kwa chupa ni nzuri zaidi, ameyapanga chini kabisa nyuma ya chupa kubwa, na akisikia gari la mauzo limeingia mtaani huyahamishia kwenye ndoo chini ya meza. Soda zenyewe hununua kwa fedha taslimu. Kreti na chupa za vioo alizoanzia kazi nazo alizilipia kabla hajauza hata soda moja, na fedha hizo zitaendelea kukaa huko zilikokwenda kwa muda wote atakaoendelea na biashara ya soda.

Uhusiano wa namna hii huzungumzwa kwa lugha mbili zinazopingana. Katika hotuba za uzinduzi, pale fulana na miavuli inapogawiwa, huitwa kuwezesha. Vijiweni huitwa kunyonya. Maneno yote mawili yanapima moyo wa kampuni, ilhali jambo lenyewe limo kwenye masharti. Naona njia nyepesi ya kulielewa ni kuufuata mkopo: nani ameshika fedha au mali ya mwenzake, ameishika kwa siku ngapi, na mzigo ukiharibika au mnunuzi akifilisika, hasara inaangukia kwa nani. Ukilifuata jambo kwa njia hiyo, utakuta mara nyingi kuliko inavyodhaniwa kwamba mdogo ndiye anayemkopesha mkubwa.

Wafanyabiashara wa Tanzania wana jina la mkopo huu katika umbo lake la kawaida: mali kauli. Mwenye duka la jumla humpa mwenye genge mzigo kwa neno la mdomo, naye hulipa akishauza. Aliye na uwezo ndiye anayetoa, aliye na uhitaji ndiye anayepokea, na dhamana ni kule kujuana. Kampuni zenye viwanda kwa kawaida haziendi kwa kauli. Humuuzia msambazaji kwa fedha au kwa dhamana ya benki, msambazaji humuuzia wa jumla, na kauli huanzia huko chini, kwa watu wanaofahamiana kwa sura na wanaojua kila mmoja anakaa wapi. Ndiyo kusema kwamba mkopo unaomfikia Mangi wakati wa shida hautoki kwa mwenye nembo iliyochorwa ukutani kwake, bali kwa mfanyabiashara wa kati ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Kampuni, kwa upande wake, haiwezi kuishi bila maduka haya, na kulisema hilo si kuitukana wala kuisifu. Lori la tani kumi haliingii kwenye vichochoro vya Manzese. Mteja wa huko hununua soda moja, sabuni kipande, mafuta ya kula ya kupima, na hununua jioni akiwa anatoka kazini. Hakuna kampuni inayoweza kumfikia mteja huyo kwa wafanyakazi wake yenyewe na gharama zikalipika. Coca-Cola ililitambua hilo mapema, na mwaka 1999 huko Ethiopia ilianza mpango wa vituo vidogo vya usambazaji, ulioenezwa baadaye Tanzania na nchi nyingine za Afrika, ambapo mjasiriamali mwenye stoo yake hupokea mzigo kutoka kwenye lori na kuupeleka madukani kwa mikokoteni na baiskeli. Ajira zilipatikana, na wenye stoo wengine wakakua wakawa na magari. Papo hapo, kampuni ilipata mtandao wa usambazaji usiohitaji inunue magari madogo, ipangishe stoo wala kuajiri vibarua, kwa kuwa yote hayo yakawa mtaji wa mtu mwingine. Faida ilikuwa ya pande mbili. Kinachotofautiana ni mzigo wa kila upande siku mauzo yanapolala.

Suala la friji, ambalo kwa mtu asiye na duka linaweza kuonekana dogo, limewahi kufika kwenye mahakama za juu za Ulaya. Huko Ireland, kampuni tanzu ya Unilever iliyouza aiskrimu iliwapa wenye maduka majokofu bure kwa sharti kwamba yasiwekwe aiskrimu ya mwingine, na kampuni ya Mars, iliyotaka kuingia sokoni, ikalalamika. Tume ya Ulaya iliamua mwaka 1998 kwamba sharti hilo linavunja sheria ya ushindani, na rufaa zikaendelea hadi mwaka 2006 bila kuubatilisha uamuzi huo. Msingi wa hoja ulikuwa jambo ambalo Mangi angelieleza bila wakili: duka dogo lina nafasi ya jokofu moja, na anayetangulia kulileta ameufunga mlango kwa wote wanaomfuata, hata kama hakuna karatasi inayomkataza mwenye duka kununua la pili. Mwaka 2005 Coca-Cola nayo iliahidi mbele ya Tume hiyo kwamba katika maduka yasiyo na friji jingine, asilimia 20 ya nafasi ndani ya friji lake ingeachiwa bidhaa atakazozichagua mwenye duka. Huko Afrika Kusini, ilipoundwa Coca-Cola Beverages Africa mwaka 2016, wasimamizi wa ushindani waliweka sharti linalofanana na hilo kwa maduka madogo, la asilimia 10.

Asilimia 10 ya friji ni kama nusu ya rafu moja. Lakini nusu ya rafu inayotambuliwa na sheria humwondolea mwenye duka kazi ya kuhamisha chupa za maji kwenda kwenye ndoo, na inampa mtengenezaji mdogo wa juisi mahali pa kuanzia. Ni msaada usioigharimu kampuni karibu chochote, na pengine ndiyo sababu hauji mpaka udaiwe.

Friji walau linaonekana kwa macho. Kwa wakala wa fedha za simu, mkopo umejificha ndani ya namba. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, na kilichoiwezesha kusambaa haraka kuliko benki yoyote ni kwamba haikujenga matawi. Tawi ni wakala: kibanda ni chake, mlinzi ni wake, leseni ya biashara ni yake, na zaidi ya yote mtaji ni wake. Ili afungue kazi asubuhi lazima awe na vitu viwili kwa pamoja, fedha taslimu kwenye droo na floti, yaani fedha za kielektroniki ndani ya laini yake ya kazi. Mteja akija kuweka, droo inajaa na floti inapungua. Akija kutoa, floti inajaa na droo inapungua. Tuseme wakala ana shilingi milioni 2, ameigawa nusu kwa nusu. Mwisho wa mwezi, mishahara ikitoka, watu ishirini wanaotoa elfu hamsini kila mmoja wanaimaliza droo yake kabla ya saa tano asubuhi, na kuanzia hapo kila mteja anayegeuzwa ni kamisheni iliyopotea, mpaka atakapofunga kibanda akapande bodaboda kwenda benki au kwa wakala mkuu kubadilisha. Kamisheni hulipwa kwa muamala. Safari hiyo, foleni, na hatari ya kuporwa njiani akiwa na milioni kwenye mkoba havina kamisheni.

Floti hiyo si hewa. Kila shilingi iliyo kwenye simu ya wakala au ya mteja ina shilingi inayolingana nayo iliyowekwa benki katika akaunti ya amana, na fedha zilizo benki huzaa. Kwa miaka kadhaa swali la nani ale faida hiyo halikuulizwa na wengi. Nchini Kenya faida hiyo ilielekezwa kwenye kazi za hisani. Tanzania, mwaka 2014, Tigo ilianza kuigawa kwa watumiaji wa Tigo Pesa, na utaratibu wa kugawa faida ya akaunti za amana ukaenea kwa kampuni nyingine za simu. Yapo mambo machache katika biashara hizi yanayoonyesha kwa uwazi kiasi hicho kwamba mdogo alikuwa ameweka fedha zake mahali zikifanya kazi, na kwamba ilichukua muda kumpa chake.

Upande mwingine wa jambo la wakala ni uhuru wa kumtumikia zaidi ya mmoja. Tanzania tumezoea meza moja yenye simu nne na mabango ya kampuni zote, tukadhani ni hali ya kawaida ya dunia. Kenya, mikataba ya mawakala wa Safaricom, kampuni yenye M-Pesa huko, iliwafunga kwa mtandao mmoja hadi Julai 2014, ambapo, baada ya malalamiko ya Airtel na uchunguzi wa Mamlaka ya Ushindani ya nchi hiyo, kampuni ilikubali kuondoa kifungo hicho. Kwa sheria, mlango ukafunguka. Kwa vitendo, wakala ambaye wateja wake tisa kati ya kumi wako mtandao mmoja hana sababu kubwa ya kugawa mtaji mdogo alio nao kwenye laini ya pili, kwa hiyo mkubwa aliendelea kuwa mkubwa. Yafaa kukumbuka pia kwamba wakala hubeba maamuzi ambayo hata kampuni hazikuyafanya: tozo za serikali kwenye miamala zilipoanza Tanzania Julai 2021, watu walirudi kutumiana fedha mkononi na kwa makondakta, na pengo hilo lilionekana kwanza kwenye meza za mawakala, kabla ya tozo kupunguzwa na baadaye kuondolewa kwa sehemu kubwa.

Mahali ambapo mali kauli hupinduliwa kabisa, miguu juu kichwa chini, ni kwenye maduka makubwa ya kujihudumia. Huko mdogo si mwenye duka tena. Ni mtengenezaji wa mtindi, asali, unga wa lishe, pilipili ya chupa au mishumaa, na mkubwa ni mnunuzi. Mtengenezaji hupeleka mzigo, hupigiwa muhuri kwenye hati ya kupokelea, na kuanzia hapo husubiri. Mkataba huweza kusema siku 30 au 60. Mteja wa duka kubwa amelipa mtindi papo hapo, kwa fedha au kwa simu, na mtindi umeshaliwa. Fedha zake ziko kwa mwenye duka kubwa, zinazunguka.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa sababu maumivu ya jambo hili yamo kwenye hesabu. Mtengenezaji anauza duka moja kubwa mzigo wa shilingi 100,000 za Kenya kila wiki. Gharama yake ni 90,000, faida 10,000. Wameandikiana siku 60 lakini malipo huja baada ya siku 90, na kila wiki lazima apeleke mzigo mwingine, kwa sababu rafu ikikaa tupu itapewa mwingine. Kufikia siku ya malipo ya kwanza amepeleka mzigo wa wiki kumi na tatu, na fedha alizotoa mfukoni kwa maziwa, chupa, umeme na mishahara zimefika 1,170,000. Kama amezikopa kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, anamlipa mkopeshaji wake 23,400 kila mwezi, wakati faida yake yote kwa mwezi ni kama 43,000. Zaidi ya nusu ya faida imeliwa na kusubiri tu, kabla hajarudishiwa mtindi uliopita tarehe, ambao kwa mikataba mingi hasara yake ni yake pia. Mtu huyu anaweza kuonekana anakua, mauzo yake yakipanda kila mwaka, huku kadiri anavyouza zaidi ndivyo anavyozidi kudaiwa.

Sasa igeuze hesabu hiyo kwa upande wa mnunuzi mwenye wauzaji elfu moja. Ameuza kwa taslimu leo, atalipa baada ya miezi mitatu, na katikati ana fedha nyingi ambazo hazina riba, hazina dhamana na hazikupita benki yoyote. Kishawishi cha kufungulia tawi jipya kwa fedha hizo ni kikubwa, na tawi jipya lenyewe huleta mzigo mpya wa mkopo kwa sababu nalo linajazwa na wauzaji walewale. Mambo hwenda sawa mradi mauzo yanapanda. Yakisimama, malipo ya zamani hayawezi kupatikana kutoka kwenye mauzo mapya, wauzaji huanza kuzuia mzigo, rafu huanza kuonyesha ukuta, wateja huhama, na kinachofuata ni kuanguka.

Afrika Mashariki tumeliona hilo zaidi ya mara moja. Uchumi, kampuni ya Kenya ya maduka ya kujihudumia, ilipofunga matawi yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015, wauzaji wa nchi zote mbili walibaki na ankara mkononi. Nakumatt, nyingine ya Kenya, ambayo jina lake linatokana na biashara ya magodoro ya Nakuru, yaani nayo iliwahi kuwa duka dogo la mji wa Bonde la Ufa, ilienea hadi Uganda, Tanzania na Rwanda, ikaanza kuyumba, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifungwe ikiwa na deni la zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Tuskys ikafuata njia hiyohiyo. Benki katika kufilisika kwa namna hii huwa na dhamana, mwenye jengo huwa na jengo lake, serikali hudai kodi yake. Muuza mtindi husimama nyuma ya wote hao, akiwa na hati ya kupokelea mzigo yenye muhuri wa duka ambalo halipo.

Bunge la Kenya lilijibu kwa marekebisho ya sheria ya ushindani ya mwaka 2019, yaliyotambua kosa la kutumia vibaya nguvu ya mnunuzi. Sheria inataja waziwazi kuchelewesha malipo kinyume cha makubaliano bila sababu ya haki, kuvunja mkataba upande mmoja bila taarifa ya kutosha, kukataa au kurudisha mzigo bila sababu ya haki, na kumhamishia muuzaji gharama na hatari zilizopaswa kuwa za mnunuzi. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kiini. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani iliitoza kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini Kenya faini ya takribani shilingi bilioni 1.1 kutokana na malalamiko ya wauzaji wawili, mmoja wa asali na mwingine wa mafuta ya kula, ikaagiza warudishiwe makato na ada walizotozwa na vifungu vya aina hiyo viondolewe kwenye mikataba. Kampuni iliupinga uamuzi huo. Muuzaji wa mafuta katika shauri lile si mfanyabiashara mdogo hata kidogo, ni kiwanda kinachojulikana nchi nzima; ikiwa yeye alilipa ada ili bidhaa zake zipate rafu, hali ya mwenye mitungi mia moja ya asali haihitaji kuelezwa sana.

Nchi nyingine zimejaribu kuzibana siku zenyewe. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2019, uliweka siku 30 kuwa kikomo cha kulipia bidhaa za chakula zinazoharibika haraka zinazotoka kwa wauzaji wadogo kwenda kwa wanunuzi wanaowazidi. India iliweka siku 45 kwa sheria yake ya mwaka 2006, pamoja na riba nzito kwa anayechelewa, lakini wadogo hawakuwa tayari kumshtaki mteja wao mkubwa, na sheria ikalala. Mwaka 2024 nchi hiyo ilipita njia nyingine: mnunuzi ambaye hajamlipa muuzaji mdogo ndani ya muda haruhusiwi kuihesabu gharama hiyo katika kupunguza kodi yake mpaka atakapolipa. Mdogo hahitaji kufungua kinywa. Mkaguzi wa hesabu wa mnunuzi ndiye anayeuliza. Ni ubunifu mzuri, ingawa mara moja yalizuka malalamiko kwamba wanunuzi wengine walianza kukimbilia wauzaji wasiohusika na sheria hiyo, na hapo mtu anaona jinsi ilivyo vigumu kumlinda dhaifu bila kumfanya akimbiwe.

Benki nazo zimeingia kati na huduma ya kununua ankara. Muuzaji anayengoja siku 90 anaweza kulipwa kesho yake akikubali kukatwa kiasi fulani, na benki ndiyo itakayongoja. Huduma hiyo imeokoa biashara nyingi, nami simshauri mtu aikimbie. Ila iitwe kwa jina lake, maana ni mtu kununua fedha zake mwenyewe.

Kabla ya kulifikia jambo la mwisho, nitaje kwa ufupi mkulima, kwa kuwa kisa cha mtama wa Kenya kinaonyesha hatari ambayo hata mkataba mwema hauizuii. Mwaka 2004 East African Breweries ilianzisha bia ya bei nafuu ya Senator Keg, serikali ikaipunguzia ushuru ili watu waache pombe haramu, na baadaye maelfu ya wakulima wadogo wakaingia kwenye mikataba ya kulima mtama wa bia hiyo. Mwaka 2013 serikali ilianza tena kuitoza nusu ya ushuru. Bei ya bia ikapanda, mauzo yakaporomoka, na mtama ukakosa mnunuzi, kwa kuwa ulilimwa kwa ajili ya mnunuzi mmoja. Nafuu kubwa ya ushuru ilirejeshwa mwaka 2015. Hakuna aliyemdhulumu mkulima katika kisa hiki. Alikuwa tu ameegemea ukuta ambao nao uliegemea ukuta mwingine.

Lililobaki ni taarifa, na hapa ndipo biashara inapoelekea. Kwa miaka mingi mwenye duka alinyimwa mkopo wa benki kwa sababu hana hati ya nyumba wala vitabu vya hesabu. Mwaka 2017, Unilever, Mastercard na benki ya KCB zilizindua Kenya mpango ulioitwa Jaza Duka: kumbukumbu za manunuzi ya duka kutoka kwa msambazaji wa Unilever zilitumika kupima uwezo wake wa kukopa, na benki ikampa mkopo wa kununulia mzigo. Wazo hilo lilikuwa zuri, tena lilimwondolea mwenye duka adha aliyokuwa nayo kwa miongo mingi, kwa kuwa uaminifu wake, ambao wa jumla pekee ndiye aliyeujua kwa sura, sasa uliandikwa mahali. Kampuni za simu zimefanya vivyo hivyo kwa namba za malipo zinazobandikwa mlangoni: kila mteja anapolipa, mashine huandika, na baada ya miezi kadhaa ujumbe huingia kumwambia mwenye duka kwamba anastahili mkopo wa kiasi fulani.

Lakini mkopo wa Jaza Duka ulikuwa wa kununulia bidhaa za nani? Na kumbukumbu za mauzo ya miaka mitano zilizo kwenye namba ya malipo ni mali ya nani? Mkopo unaotokana na taarifa zilizo mikononi mwa kampuni moja humvuta mkopaji abaki kwenye kampuni hiyo, kama friji lilivyomvuta, isipokuwa hapa hakuna kibati wala mlango wa kioo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inatambua haki ya mtu kupewa taarifa zake katika namna anayoweza kuihamishia kwingine, na Tanzania ina sheria yake ya taarifa binafsi ya mwaka 2022. Ofisi za taarifa za wakopaji zipo pia, lakini kinachobebwa humo ni historia ya madeni, si ya mauzo: zinajua siku uliyochelewa kulipa, hazijui miaka uliyofungua duka saa kumi na mbili asubuhi bila kukosa.

Mangi wa mtaani kwetu alijaribu mwaka jana kubadili mtandao wa namba yake ya malipo, kwa kuwa ule mwingine ulimwahidi makato madogo. Namba ya simu mtu anaweza kuhama nayo. Kenya imewezekana tangu 2011, Tanzania tangu 2017. Kibandiko kipya alipewa siku ileile, na bango jipya la mlangoni bure. Alipouliza kiwango chake cha mkopo, akaonyeshwa sifuri, akaambiwa aanze kukijenga. Siku hizi ana vibandiko viwili ukutani, na wateja akiwaelekeza kulipa, kidole chake huenda kwenye kile cha zamani.